Mifumo Miwili, Saa Tatu

Kompyuta zinazotoka Delta ya Rufiji huja kwangu ndani ya ndoo. Ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko wa kubana ndilo begi la uhakika kwenye boti ya faiba; wimbi likirusha maji, begi la mgongoni hulowa hadi ndani, ndoo haijali. Kasoro yake ni moja: haikununuliwa kwa ajili ya kompyuta. Wiki iliyopita ilibeba kamba wakavu. Ukibandua mfuniko, kabla hujaiona mashine umeshajua inakotoka, na wateja waliofuata fotokopi wanaanza kuuliza kilo shilingi ngapi.

Kibanda changu kiko Kibiti mjini, si mbali na stendi. Kwenye kibao nimeandika steshenari, fotokopi, picha za pasipoti, kupiga Windows na kutoa virusi. Hiyo ya kupiga Windows ndiyo iliyosomesha wanangu. Ilikuwa kazi ya amani: unafuta, unapiga upya, unapokea chako. Kisha ikafika tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 ikasitishiwa huduma, na amani ikaondoka nayo. Kompyuta nyingi za walimu wa huku zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika na watu wengine, na Windows 11 ina maringo: inataka mashine yenye TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, basi iwe ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Ya Mwalimu ninayetaka kusimulia kisa chake ni ya kizazi cha 4.

Hapo ndipo wanapoingia wapwa. Kila ukoo una mpwa aliyeko chuo Dar es Salaam. Anakuja likizo, anakula wali wa nazi na kaa wa tope, anaikagua kompyuta ya mjomba, anatikisa kichwa. "Mjomba, weka Linux. Ni ya bure, tena haisumbuliwi na virusi vya flashi." Kwa hilo la flashi anasema kweli. Flashi zinazopita kibandani kwangu nyingi zina kile kirusi kinachogeuza mafolda yote kuwa shotikati, na Linux hukitazama tu kikahangaika. Lakini mjomba ana faili la alama za wanafunzi ambalo fomula zake zinakaa sawasawa kwenye Excel peke yake, kwa hiyo Windows haifutwi. Inasogezwa kidogo, Linux inapewa nafasi pembeni. Likizo inakwisha, mpwa anapanda basi la Dar. Mjomba anabaki na mifumo miwili, na fundi anabaki na mjomba.

Mimi sina ugomvi na Linux. Programu huria si mgeni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili kitupu. Ninaogombana nao ni wapwa wasioacha namba ya simu.

Basi Mwalimu akaja saa nne asubuhi, ndoo mkononi. Walikuwa wameondoka kijijini saa kumi na moja alfajiri maji yakiwa yamejaa, wakashukia Nyamisati, wakachukua bodaboda hadi Bungu, kisha Noah hadi Kibiti. Alifuatana na nahodha mwenyewe, mzee mkimya aliyesema amefuata plagi ya injini na oili.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Fundi, maji ya kurudia yanajaa saa kumi. Yakianza kupwa pale Nyamisati hayangoji mtu."

"Nusu saa tu," nikamwambia Mwalimu. "Tatizo nini?"

"Mashine ina saa mbili, na zote zinasema uongo."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Saa tatu usiku Mwalimu alijaza alama za muhula akiwa kwenye Linux, akahifadhi nakala kwenye flashi. Saa nne akagundua kwamba karatasi kadhaa za Hisabati zilijumlishwa vibaya, akaingia Windows, akarekebisha, akahifadhi nakala ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Asubuhi mwalimu mkuu akakuta mafaili mawili yenye jina karibu sawa, akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: akachukua la karibuni. Kwa mujibu wa saa za mafaili, la karibuni lilikuwa lile la saa tatu. Lililorekebishwa saa nne lilijiandika kuwa limehifadhiwa saa moja jioni. Matokeo yakabandikwa ukutani, na mtoto aliyestahili kuwa wa 3 darasani akawa wa 19.

"Mjukuu wangu," nahodha akasema kutoka kwenye benchi.

Sasa nikaelewa kwamba plagi ya injini ilikuwa kisingizio.

Nikawaeleza. Ndani ya kompyuta mna saa moja tu, inayoendeshwa na kibetri cha duara hata mashine ikiwa imezimwa. Windows huiacha isome saa ya mahali ulipo. Linux huiweka isome saa ya Greenwich, halafu inapokuonyesha inajumlisha yenyewe saa tatu za Afrika Mashariki. Ukitoka Linux ukaingia Windows, Windows inaisoma ile ya Greenwich ikidhani ni ya hapa, na wewe unarudishwa nyuma saa tatu. Ikipata mtandao itajisahihisha, ila ikishajisahihisha, ukirudi Linux unakuta umerushwa saa tatu mbele. Na Delta mtandao wenyewe unategemea umesimama juu ya nini.

"Na hapo bado hatujazihesabu za kwetu," Mwalimu akadakia. "Windows inasema saba, Linux inasema kumi, mimi nasema saa nne. Mlinzi wa shule aliiona ile saba, akajua ni saa saba mchana, akapiga kengele ya kwenda nyumbani."

Nahodha alikuwa anafikiri. "Sisi tuna saa ya jua na saa ya maji," akasema. "Kila siku maji yanachelewa karibu dakika hamsini, kwa hiyo hazilingani hata siku moja, na hatujagombana. Kuwa na saa mbili si shida. Shida ni kwamba hawa wana saa moja, na kila anayeingia anasogeza mshale."

Nimesoma maelezo marefu ya jambo hili, yenye michoro, na hakuna lililonielea kuliko hilo. Dawa ni kumwambia mmoja asisogeze. Kwenye Linux niliandika mstari mmoja, timedatectl set-local-rtc 1, yaani na wewe isome kama mwenzako. Linux ikatii, ila ikatoa onyo refu kwamba mpango huo unaweza kuleta matatizo nchi inapobadilisha saa kwa ajili ya majira. Hapo nikafurahi kuzaliwa Tanzania, ambako tunabadilisha ratiba za mabasi tu.

Zilikuwa zimepita dakika ishirini, na kama Mwalimu angeinuka pale pale ningekuwa mtu wa kweli. Lakini akasema, "Na jingine dogo." Mafundi wa nchi hii wanaijua sentensi hiyo.

Jingine dogo lilikuwa kwamba akiwa Linux anaiona diski ya Windows, anafungua mafaili yake, lakini akitaka kuhifadhi anaambiwa ni ya kusoma tu. Sababu yake inajulikana. Windows ukiizima haizimiki. Ina mpango wa kuwaka haraka unaoiacha imesinzia na mafaili yake mkononi, na Linux kwa adabu inakataa kugusa kitu cha aliyesinzia. Inabidi uingie Windows uuzime mpango huo. Nikaingia, nikauzima. Kumbe mashine iliyokaa Delta miezi bila bando ilikuwa imeunusa mtandao wa kibandani, na ilikuwa inashusha masasisho yote ya tangu masika. Nilipoiwasha upya ikaandika kwamba inafanya kazi, asilimia 4, usizime kompyuta.

Nahodha akainuka akaja kusimama mbele ya kioo. Vile vinukta vilikuwa vinazunguka. Akavitazama muda mrefu.

"Huyu anangoja maji gani?"

Saa sita ilikuwa imefika asilimia 27. Mwalimu akatumia nafasi hiyo kutoa mashine ya pili kutoka ndani ya ndoo ile ile, kutoka chini ya kanga, kama mtu anayekumbuka. Ilikuwa ya mtendaji wa kijiji. Kuna mjuzi mmoja aliingia Windows yake, akakuta sehemu ya diski isiyo na jina, akasema haina kitu, akaifuta ili apate nafasi ya kuweka filamu. Hiyo sehemu ndiyo iliyokuwa Linux. Sasa ukiiwasha inakuletea kioo cheusi, maneno "grub rescue", na mshale mdogo unaomwekamweka. Mtendaji alidhani inamuuliza jina, akaandika jina lake kamili na la kijiji. Ikakataa vyote viwili.

GRUB ni bawabu: ndiye anayewaka kwanza akakuuliza unataka mfumo upi. Orodha yake ya maswali hukaa ndani ya Linux, kwa hiyo ukiifuta Linux bawabu anabaki mlangoni bila la kuuliza.

"Mlango umezibwa," nahodha akasema. "Pita mwingine."

Akatusimulia ya Königsberg, kama wanavyosimulia wazee wote wa Delta, utadhani walikuwapo. Manowari hiyo ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914, kisha ikaingia kujificha katika mikoko ya Rufiji. Novemba Waingereza wakaileta meli ya makaa, Newbridge, wakaizamisha makusudi katika mlango wa Suninga ili adui asitoke. Kazi nzuri, isipokuwa mto huu una milango mingi: Kikunya, Simba Uranga, Msala, na mingine ambayo wageni hawakuwa nayo kwenye ramani. Mwezi Julai 1915, meli zao Severn na Mersey zilipokwenda kuimaliza, nazo ziliingilia mlango mwingine.

Nikabonyeza F12. Ikatokea orodha ya milango ya mashine, Windows ikiwa ya pili. Nikaichagua, ikawaka na filamu zake zote. Ule mlango wa kwanza nikaufuta kwenye orodha. Kwa kazi hiyo mtendaji alikuwa ametuma kilo mbili za kamba, ambazo zilikuwa chini kabisa ya ndoo, na ndizo zilizokuwa zinanukia tangu asubuhi.

Hizo ni shida za kawaida. Shida yenyewe ni BitLocker, kufuli la diski la Windows. Mfanyakazi wa mradi mmoja wa mikoko aliwahi kuwekewa Linux pembeni ya Windows 11 akiwa kambini, na Windows, ilipoona mlango umeguswa, ikamdai ufunguo wa tarakimu 48. Mimi ndiye niliyekuwa na namna ya kuupata mtandaoni, nikamsomea kwa simu huku yeye amesimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mahali pekee penye mtandao, mwenzake akiandika kwa mkaa kwenye ubavu wa boti. Injini zilikuwa zinapita. Aliyebuni kitu kile alikuwa na huruma kidogo: kila kundi la tarakimu sita lazima ligawanyike kwa 11, kwa hiyo ukikosea linakataa hapo hapo, halingoji umalize yote. Tarakimu zile bado ziko ubavuni mwa boti. Watu wanadhani ni namba ya usajili.

Saa saba na nusu masasisho yakaisha. Mashine ikajizima, ikajiwasha, ikaingia Windows moja kwa moja. Menyu haikuonekana. Linux ilikuwapo nzima kwenye diski, ila mashine ilikuwa imeiweka Windows juu ya orodha. Tumshukuru Mungu halikuwa lile la Agosti 2024, pale sasisho moja la usalama la Windows lilipowazuia watu wa mataifa mbalimbali kuingia kwenye Linux zao kwa ujumbe mfupi wa kwamba kuna jambo limeharibika vibaya sana, ilhali Microsoft walikuwa wameeleza kwamba mashine zenye mifumo miwili hazitaguswa. La Mwalimu lilikuwa la kuingia kwenye mipangilio na kubadilisha nani atangulie. Likaisha.

Ikabaki swali la kinyumbani: menyu ikihesabu sekunde kumi bila mtu kubonyeza, ifungue upi? Mwalimu alitaka Windows kwa ajili ya alama. Mpwa, aliyepatikana kwa simu baada ya Mwalimu kutumia namba ya dada yake, alitaka Linux kwa ajili ya usalama. Nikaiweka ikumbuke chaguo la mwisho, nikawasukumia ndoo yao. Saa nane kasoro. Walikimbia hadi stendi, Mwalimu akiwa ameikumbatia ndoo, nahodha nyuma yake akitembea mwendo wake wa kila siku.

Usiku Mwalimu akanipigia. Saa zinalingana, faili limehifadhiwa, mjukuu amerudi nafasi ya 3 na karatasi mpya imebandikwa juu ya ile ya zamani. Sauti yake lakini haikuwa ya mtu mwenye furaha. Walifika Nyamisati saa kumi kasoro, wakihema. Gati lilikuwa juu, boti imelala kwenye tope, maji hayajakaribia. Nahodha akajinyoosha chini ya mwembe akalala. Maji yalijaa saa kumi na moja na nusu, kama ambavyo yangejaa siku yoyote ambayo yalijaa saa kumi na moja alfajiri.

"Mpe simu," nikasema. "Nahodha, si ulisema saa kumi?"

"Na wewe si ulisema nusu saa?"