Runinga Yataka Siri

Februari 2024, HDMI Forum, umoja wa kampuni zinazotunga kanuni za ule waya wa nyuma ya runinga, uliikatalia AMD, kampuni inayotengeneza kadi za michoro za Radeon, kutoa programu huria ya kuendeshea HDMI 2.1 kwenye kompyuta za mfumo wa Linux. Kanuni ni siri, na programu huria husomwa na yeyote.

Basi kadi ya Radeon yenye tundu la HDMI 2.1, ndani ya kompyuta ya Linux, ikiunganishwa na runinga yenye tundu hilohilo, ikabaki kufuata kanuni za 2013. Runinga inayoweza kuonyesha picha 120 za 4K kwa sekunde, kwa rangi kamili, ikapewa 60, na ishukuru. Iwashe kompyuta hiyohiyo kwa Windows: waya uleule unapona papo hapo, bila hata dua.

“Tumieni DisplayPort, tundu jingine la picha,” husema wajuzi. Naam! Kadi huwa na matundu ya aina hiyo mawili, hata matatu. Runinga za sebuleni kwa kawaida hazina hata moja.

Mwenye kadi anarudi dukani kununua kigeuzi, kijidude cha kusuluhisha vyombo viwili ambavyo havijawahi kugombana.