Jogoo wa Mkwe

Siku ya Idi tulirudi kutoka msikitini tukakuta jogoo amekwisha kunyonyolewa. Manyoya mekundu yametapakaa chini ya mchikichi nyuma ya jiko, maji ya moto bado yanafuka, na baba wa mke wangu, aliyefika jana yake jioni kwa pikipiki kutoka Kabambare, anaosha kisu chake taratibu kama mtu aliyemaliza kazi njema.

Jogoo yule alimleta mwenyewe, amemfunga miguu nyuma ya pikipiki njia nzima. Mkwe wetu ni Mbangubangu na Mkatoliki, na alivyolelewa yeye, mtu akileta zawadi haiachi mlangoni, huifikisha mpaka motoni. Aliona sisi tumekwenda kusali, akaona heri tukirudi tukute kazi imepungua.

Baba yangu alisimama na kanzu yake nyeupe, akayatazama manyoya, hakusema neno. Nyumbani kwetu hapa Nyangwe mnyama huchinjwa na Mwislamu, ameelekezwa kibla, jina la Mungu limetajwa. Baba akamwita mdogo wake, ambaye husomesha watoto Kurani, wakaenda kuzungumza pembeni. Ami alisema wazi: Sura Al-Maida, aya ya 5, imehalalisha chakula cha watu waliopewa Kitabu, na mkwe wetu ni mmoja wao.

"Aya naijua," Baba akajibu. "Mimi nazungumzia kisu cha nyumba hii."

Maneno hayo yamenikaa moyoni. Siku zote nilidhani Baba anasimamia dini, kumbe alikuwa anasimamia mikono ya baba yake na babu yake, iliyoshika kisu kile kila Idi. Ndani, mke wangu alikuwa analia. "Baba yangu hakuuliza kwa sababu mimi sikumwambia," alisema. Ameishi kwetu miaka minne, na jambo hilo amelizoea hata halioni tena. Hakukumbuka kwamba kwao halijulikani.

Katikati ya hayo ikaja harufu ya wali unaoungua. Hakuna aliyekuwa jikoni. Nilipofunua sufuria, chini ukoko umekuwa mkaa na juu wali umeshika moshi. Mchele hapa kwetu Maniema wameueneza wafanyabiashara Waungwana waliotoka pwani, mababu wa baba yangu miongoni mwao, na leo hata mkwe wetu hajui sikukuu isiyo na wali. Tulikaa kimya, vyakula viwili vya sherehe vimeharibika, kila kimoja kwa namna yake.

Ndipo Nyanya, mzaa mama, akapanda kutoka mtoni. Yeye ni wa Wagenya, watu wa mtumbwi na wavu. Alikuwa amevuka mto Lualaba asubuhi na samaki wawili wakubwa kwenye kikapu, mikia inatoka nje. Akasikiliza kisa chote amesimama, kisha akasema, "Samaki hachinjwi," akakaa chini kuparua magamba.

Watu hupenda kutusifu sisi wa Nyangwe kwamba tumechanganyika. Mimi sifa hiyo siipokei haraka. Soko letu lilikusanya watu wa ng'ambo zote mbili, wanawake wakileta samaki kwa mitumbwi, na msafiri Mzungu Livingstone alilishuhudia mwaka 1871. Tarehe 15 Julai mwaka huo, akiwepo, watu wa kundi la Dugumbe, mfanyabiashara wa kutoka pwani, waliwafyatulia risasi watu wa soko. Siku hiyo walikuwa wamekuja kama 1,500. Wengi walijitupa mtoni, na waliokufa walikadiriwa kati ya 330 na 400. Kwa hiyo mimi nimezaliwa na upande ulioingia na bunduki na upande uliokimbilia maji. Kuchanganyika kwetu kuna kaburi ndani yake, na kila ndoa, kila sufuria inayowekwa motoni kwa ajili ya wote, ni kazi ambayo lazima mtu aifanye kwa mikono yake. Siku ile aliifanya Nyanya.

Samaki alimpika kwa mafuta ya mawese. Mke wangu alifuta machozi, akasonga ugali wa muhogo mahali pa wali, na kwenye kisufuria kidogo, mbali na vyombo vyetu, Nyanya akamchemsha jogoo bila kumwomba mtu ruhusa. Akakiweka mbele ya mkwe. "Umetoka naye mbali," akamwambia. "Hatatupwa."

Mkwe alikwisha kuelewa. Alikaa mikono magotini, hagusi kitu. Baba akaja akaketi karibu naye, kwenye mkeka uleule, akavuta sinia ya samaki katikati yao. Mzee wa Kabambare hakuwazoea samaki wakubwa wa mto, alikuwa anatafuna kwa hofu ya miiba. Baba akaanza kuichambua kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, na kila pande la nyama safi akilisogeza upande wa mgeni. Hawakuzungumza juu ya kisu.

Kisufuria kilibaki kimefunikwa hadi mwanangu, aliyetimiza miaka mitatu juzi, alipoinua kifuniko, akatoa firigisi, akaja nayo mkononi. Baba alimwona. Akasogea kidogo kwenye mkeka, mtoto akaketi kati ya babu zake wawili, akala.