Lita Sita Nukta Mbili

Kituo cha mafuta Ruiru, kando ya Thika Road, tarehe 14 usiku. EPRA, mdhibiti wa bei za mafuta, imeshatangaza bei, dizeli imepanda, na kwa kuwa bei mpya huanza saa sita usiku, kila mwenye tangi amekuja kuiwahi ya zamani. Foleni imetoka getini. Madereva wameshuka kumgombeza kijana aliyetaka kupenya katikati, na magari yamebaki peke yao. MHESHIMIWA ni gari jipya la dizeli, refu, jeusi, viti bado vina nailoni. KANTA ni lori, hubeba mawe ya Ndarugu. PAMPU ni ya dizeli. SHOSHO ni punda, anasubiri mitungi ijazwe maji kwenye mfereji wa kituo.

PAMPU: Karibu, Mheshimiwa. Umerudi? Wiki mbili hazijaisha tangu nikujaze mpaka shingoni.

MHESHIMIWA: Mzee, punguza sauti. Watu watadhani mimi ni mlafi. Mimi ni wa lita sita nukta mbili kwa kilomita mia. Iko kwenye kitabu, ukurasa wa mbele, kwa wino wa kung'aa.

KANTA: Hesabu ya mia sisi hatuijui. Lita moja inakufikisha wapi?

MHESHIMIWA: Kilomita kumi na sita.

KANTA: Tafadhali usirudie. Tajiri wangu akisikia kuna dizeli inayokwenda kumi na sita, kesho dereva atapewa pesa ya kufika Juja tu, kutoka hapo asukume.

SHOSHO: Nani alipima hiyo kumi na sita?

MHESHIMIWA: Wataalamu wa Ulaya, Shosho. Mtihani unaitwa WLTP. Dakika thelathini, kilomita ishirini na tatu na ushee.

SHOSHO: Hiyo ni kutoka hapa mpaka Thika na kupitiliza. Walikupitisha barabara gani?

MHESHIMIWA: Hakuna barabara. Unaingizwa chumbani, magurudumu yanakaa juu ya rola za chuma, dereva anafuata mstari kwenye skrini: sasa ongeza, sasa punguza, sasa simama.

SHOSHO: Ulikwenda kilomita ishirini na tatu bila kutoka chumbani?

MHESHIMIWA: Kisayansi, ndiyo.

SHOSHO: Mimi nikijaribu hivyo napigwa.

MHESHIMIWA: Msidharau. Chumba kina nyuzi 23, rola zinaiga uzito na upepo, na kila gari jipya linalouzwa Ulaya linapimwa vile vile. Ndiyo maana unaweza kulinganisha hili na lile.

KANTA: AC ilikuwa imewashwa?

MHESHIMIWA: Ilizimwa.

KANTA: Vilima?

MHESHIMIWA: Havikuwepo.

KANTA: Na matatu ya Githurai inayosimama katikati ya leni kuita abiria?

MHESHIMIWA: Hiyo haikuwa kwenye silabasi.

KANTA: Basi umefaulu mtihani wa shule nyingine.

MHESHIMIWA: Afadhali huu. Ule wa zamani, NEDC, ulikuwa dakika ishirini, kilomita kumi na moja, mwendo wa wastani kilomita 33 kwa saa. Watengenezaji waliukariri. Kufikia 2015 watafiti wa ICCT waliona kuwa magari mapya ya Ulaya yanakunywa barabarani takriban asilimia 40 zaidi ya yalivyoandikiwa. Ukaanza kuondolewa 2017.

KANTA: Sema yote. Mwaka huo huo wa 2015 Volkswagen walikamatwa Marekani. Programu ndani ya gari ilikuwa inatambua kwamba iko kwenye mtihani, inakuwa mpole. Ikirudi barabarani inatema moshi itakavyo. Magari milioni 11 duniani.

MHESHIMIWA: Ule ulikuwa udanganyifu wa moshi, si wa lita.

KANTA: Sawa, moshi. Na mwezi Desemba 2016 rais wa nchi akaja hapo Thika, kwenye kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kuzindua Polo Vivo ya hao hao. Sikumsikia mtu akiuliza habari za rola.

PAMPU: Ile ni ya petroli, Kanta. Haikuja kwangu, ilikwenda kwa jirani. Na wewe usijitie utakatifu. Jina la ukoo wako ni lipi?

KANTA: (kwa sauti ya chini) Mitsubishi.

PAMPU: Enhe?

KANTA: Aprili 2016 wale wa magari madogo walikiri kwamba walipamba takwimu za mafuta, na kwamba tangu 1991 walikuwa wakipima kwa njia isiyokubalika na sheria ya Japani. Lakini sisi wa malori tulikuwa tumeshagawana shamba nao. Hata harusi hatualikani.

SHOSHO: Nimechoka na Ulaya na Japani. Pampu, huyu kijana ametia lita ngapi leo?

PAMPU: Hamsini na saba. Saa yake inasoma kilomita mia sita tangu nilipomjaza. Gawanyeni wenyewe.

KANTA: Lita tisa na nusu kwa mia. Kwa lugha yetu, kilomita kumi na nusu kwa lita.

MHESHIMIWA: Haiwezekani! Dashibodi yangu inasema saba nukta tisa.

PAMPU: Dashibodi yako inajikadiria yenyewe, mwanangu, na hakuna mtu ambaye hujikadiria vibaya. Mimi maofisa wa vipimo wa serikali huja na chombo chao, wananijaribu, wananipiga muhuri. Nikipunja wananifunga. Kile kitabu chako kina muhuri wa nani hapa Ruiru?

MHESHIMIWA: Ngoja. Mwenye gari amenivisha tairi kubwa kuliko za kiwandani. Tairi kubwa huzunguka mara chache, kwa hivyo saa yangu inasoma pungufu. Huenda nimekwenda mia sita na ishirini.

PAMPU: Hoja nzuri, naikubali. Tisa nukta mbili.

MHESHIMIWA: Mnaona?

PAMPU: Naona pia kwamba tairi hizo ni nzito na pana, na ndizo zinazokunywa. Kule chumbani ulikwenda na za kiwandani. Halafu hiyo ngao ya chuma mbele ni ya nini? Membley kuna vifaru? Na keria juu ya paa, mbona sijawahi kuona imebeba hata godoro?

MHESHIMIWA: Ni ya muonekano.

PAMPU: Upepo hauna habari na muonekano. Ukifika mia kwenye superhighway unaipasua hewa kwa keria tupu, na hiyo ni dizeli. Sasa tueleze siku yako.

MHESHIMIWA: Asubuhi napeleka watoto shule, kilomita mbili. Narudi. Naenda saluni. Jioni Kamakis.

KANTA: Kamakis mnakula nyama saa ngapi?

MHESHIMIWA: Masaa mawili, matatu. Bwana anakula ndani, mimi naachwa nikinguruma nje ili AC isizimike na muziki usikatike.

SHOSHO: Hapo ni lita ngapi kwa kilomita mia?

MHESHIMIWA: Hapo hakuna kilomita, Shosho.

SHOSHO: Na lita?

MHESHIMIWA: Lita zipo.

KANTA: Huyo tajiri wako nimtume akafanye kazi ya chumbani, ana kipaji.

PAMPU: Hizo kilomita mbili za shule ndizo mbaya zaidi. Injini haijapata moto imeshazimwa. Na hawa wa kisasa wana kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kinataka safari ndefu ya moto ili kijichome na kujisafisha. Usipokipa safari, kitamwaga dizeli ya ziada kujipasha moto papo hapo mtaani. Dizeli yenyewe siku hizi si chafu kama zamani, tangu Januari 2015 salfa ilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni. Tatizo ni matumizi. Mtu anaishi maisha ya Vitz, ananunua gari la kuvuka Chalbi.

MHESHIMIWA: Basi nami niseme moja. Kanta, dereva wako akishuka bonde la Chania anafanya nini?

KANTA: Anatia nyutro. Anaokoa mafuta.

MHESHIMIWA: Mimi nikishuka nikiwa kwenye gia bila kukanyagwa, sindano zinafunga kabisa. Sinywi hata tone. Ukinitia nyutro injini inadai mafuta ili isizimike. Kwangu, mbinu ya dereva wako ni hasara, na breki zikimshinda ni matanga.

KANTA: Hmm. Hilo nitalipeleka kwa tajiri.

MHESHIMIWA: Na hilo pengo si langu lote. Tume ya Ulaya ilisoma mita zilizomo ndani ya magari yaliyosajiliwa 2021, ikatoa ripoti 2024: dizeli barabarani ilizidi kipimo kwa asilimia 18 hivi, petroli karibu 24. Yale ya kuchaji na kutia petroli pamoja yalikunywa mara tatu na nusu ya yalivyoahidi.

SHOSHO: (anacheka kwa kelele mpaka mitungi inagongana)

PAMPU: Hapo umesema kweli. Sita nukta mbili ukiongeza asilimia 18 ni saba nukta tatu. Hiyo ndiyo haki yako. Kutoka saba nukta tatu hadi tisa nukta mbili ni keria, ngao, tairi, shule na Kamakis. Lakini aliyekuuza alijua mteja wake anakaa wapi. Alijua hakuna chumba cha nyuzi 23 kutoka hapa hadi Makongeni, na bado alimfanyia hesabu ya mafuta ya mwezi kwa sita nukta mbili. Kiwanda kilitoa kipimo. Yeye alikigeuza ahadi.

KANTA: Kilomita elfu moja kwa mwezi, ni lita 30 zaidi ya alivyoambiwa.

PAMPU: Na katika kila lita mna ushuru wa kutunza barabara, uliopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024. Piga hesabu: shilingi mia saba na hamsini kila mwezi, mchango wa hiari kwa serikali. Ushuru wa VAT sijaugusa, nao ulitoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Oktoba ile dizeli ilipita shilingi 205 Nairobi, watu wakanitazama kama mimi ndiye niliyetunga sheria.

SHOSHO: Kumbe Mheshimiwa anajenga barabara! Asante, kijana. Mimi naitumia bure.

MHESHIMIWA: Bwana wangu akijua hesabu hii ataniuza.

KANTA: Atamuuzia nani? Na kwa namba gani?

MHESHIMIWA: Sita nukta mbili. Iko kwenye kitabu.

PAMPU: Madereva wanarudi, kwa hivyo nasema na yeyote anayenyemelea gari la namna hii. Mwambie muuzaji akuachie siku moja. Jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha kilomita kwenye sifuri, washa AC, pakia watoto, pita unakopita kila siku hadi Thika na kurudi. Rudi kwenye pampu ile ile, jaza mpaka ijikate, ugawanye mwenyewe. Akikataa kukuachia gari, chukua lita alizokutajia, ongeza theluthi, ndipo uende benki kuulizia mkopo.