Pampu Inanguruma, Maji Hayaji

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilipanga kwamba ikifika 1991 kila mwanakijiji awe anapata maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Miaka ishirini ikaisha kabla ya maji kufika, lakini zile mita 400 zikabaki kwenye sera, na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi Julai 2019, hadi leo unazikimbiza. Kwa kipimo hicho, mtu mwenye gari la kulala, lenye tangi la maji chini ya kitanda na koki hatua mbili kutoka kwenye mto wake, ni tajiri wa kupigiwa mfano. Mwana wa Matongo, kijiji cha Tarime, aliyerudi nyumbani na gari la namna hiyo alijihesabu hivyo, hadi alipofungua koki anawe mikono ale ugali.

Alikuwa ameishi Ulaya miaka mingi, na alipostaafu akaamua arudi kuwasalimia watu wake akiwa na nyumba mgongoni. Gari likashushwa Mombasa, likapita Kisii na Migori, likavuka mpaka Sirari na kuingia Tarime likiwa halina hata mkwaruzo. Kutoka hapo akashika njia ya Nyamongo, ambayo haijali gari limetoka bara gani. Vikombe vilipiga kelele kabatini njia nzima. Mlango wa friji ulifunguka wenyewe mara kwa mara, kama mpangaji anayechungulia kuona nani amepita.

Mama yake alilizunguka lile gari kwa heshima zote. Akaonyeshwa kitanda, jiko la gesi na sinki. Akauliza choo kiko wapi. Alipoonyeshwa kiko nyuma ya mlango mmoja na jiko, akashuka, akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki," na hakupanda tena.

Basi koki ilipofunguliwa, pampu iliitika. Hilo ndilo lililowachanganya watu. Kama ingenyamaza, kila mtu angejua ni umeme. Lakini hii ilinguruma vizuri tu, tatatatata, huku koki ikitoa upepo mwembamba na, baada ya kubembelezwa sana, tone moja.

Pampu za magari hayo ni ndogo, hazizidi urefu wa kiganja na vidole vyake. Mota ya volti 12 inazungusha kitu kilichopinda, kitu hicho kinasukuma utando wa mpira mbele na nyuma, na vali ndogo za mpira zinaruhusu maji yaende upande mmoja tu. Hakuna swichi ya kubonyeza kila unapotaka maji. Ukifungua koki, presha ndani ya bomba inashuka na pampu inajiwasha. Ukifunga, presha inapanda hadi karibu baa 2.8 na pampu inajizima. Ni akili nzuri, ila ina upungufu mmoja: pampu haina namna ya kujua kama inasukuma maji au inasukuma hewa. Maadamu presha haijapanda, yenyewe inaamini iko kazini.

Habari zikaenea, na Matongo si mahali pa kukosa wataalamu. Fundi wa sola alifika na mita yake, akapima betri, akapata 12.5, akachomoa fyuzi, akaitazama juani na kuirudisha kwa masikitiko. Dereva wa bodaboda alishauri livutwe hadi liwake. Mwenye karasha, ambaye maisha yake yote ni kusaga mawe ya dhahabu, aliuliza mkanda uko wapi, na alipoambiwa haina mkanda akasema hilo ndilo tatizo lenyewe. Mzee mmoja aliuliza kama kuna maji kwenye tangi. Watu wakamcheka. Kumbe ndilo swali la kwanza analopaswa kuuliza kila mtu, maana kipimo cha ukutani kinaweza kudanganya. Wakafungua kifuniko, wakamulika tochi: maji yapo, zaidi ya nusu.

Kisha kukawa na kazi ya kuifikia pampu yenyewe. Ilikuwa nyuma ya ubao, ubao nyuma ya droo, droo chini ya godoro, na kila kitu kimefungwa kwa skrubu za kichwa cha nyota ambacho bisibisi ya Matongo haijawahi kukutana nacho. Hapa lazima isemwe kwamba watu wamewahi kufikiria vizuri zaidi. Mwaka 1983 mradi wa kujaribu pampu za mkono ulianza Kwale, pwani ya Kenya, na katika kazi ya miaka hiyo ikazaliwa Afridev, pampu ya kisima iliyobuniwa makusudi ili wanakijiji waitengeneze wenyewe kwa spana moja. Aliyebuni gari hili bila shaka naye alikuwa na spana. Alilokosa ni mkono unaoingia kwenye tundu alilolitengeneza.

Ubao ulipotoka, kila mmoja akatafuta penye majimaji. Wakapapasa sakafu, wakapapasa mipira, wakapitisha karatasi ya chooni chini ya viungo vyote. Pakavu. Mwenye gari akatangaza kwamba hakuna panapovuja, hivyo pampu imekufa, na ataagiza nyingine kutoka Nairobi.

"Mjomba, usiagize kwanza," alisema mpwa wake.

Huyu kijana ni mchimbaji mdogo, na kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kazi yake si kuchimba bali ni kutoa maji ili wenzake wachimbe. Mtu wa kazi hiyo anajua jambo ambalo wenye mabomba ya nyumbani hawalijui: upande wa kusukuma ukivuja, utaona maji, upande wa kuvuta ukivuja, hutaona kitu. Maji hayatoki, hewa ndiyo inayoingia. Pampu yenyewe ilikuwa imekaa juu ya usawa wa tangi, kwa hiyo hata ikizimwa hapadondoki tone la kumshtaki mtu.

Kijana hakusomea hilo darasani, lakini yuko katika ukoo mkubwa. Katika karne ya 17 mafundi wa Italia walisumbuliwa na pampu zilizogoma kuvuta maji zaidi ya mita kumi hivi, hadi Torricelli alipoonyesha mwaka 1644 kwamba si pampu inayovuta. Ni uzito wa hewa ya nje unaoyasukuma maji yapande. Matongo iko juu kuliko Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, na hata mita tisa pampu haizifikishi. Kwa hiyo wachimbaji wanaishusha pampu shimoni iyafuate maji, na kila kiungo cha mpira wa kuvuta wanakikaza kama wanafunga mzigo wa bodaboda.

Akaomba sabuni ya unga. Akakoroga povu zito, akalipaka kwenye kila klipu kati ya tangi na pampu, kisha akasema fungua koki. Kwenye klipu ya kwanza povu lilitulia. Kwenye chujio likatulia. Kwenye klipu inayoingia kwenye pampu povu lilizama ndani, fyuu, likaacha kishimo kama kitovu. Akakibana kwa kidole gumba. Mlio ukabadilika papo hapo, ukawa mzito, koki ikakohoa mara kadhaa, na maji yakaja kwa kishindo hadi kwenye shati la fundi wa sola.

Njia ya Nyamongo ilikuwa imeilegeza klipu ile. Ikakazwa, chini yake ikazungushwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na povu likasafishwa.

Mama akaletewa glasi ya kwanza. Kabla ya kuonja akauliza maji haya yametekwa wapi. Matongo swali hilo halina mzaha. Mei 2009 maji yenye asidi kutoka mgodi wa dhahabu wa jirani yaliingia Mto Tigithe, na watu wa hapa hawajasahau. Alipoambiwa yamejazwa Kisii, akanywa nusu.

Usiku pampu ikaanza tabia nyingine: kila baada ya muda inapiga tatata, inanyamaza. Mama akaitikia "karibu" kutoka nyumba kubwa, akidhani kuna mtu anabisha. Asubuhi mpwa akakuta koki ya bafuni inadondosha: presha inashuka kidogo kidogo, na pampu inaamka kuirudisha. Akabadilisha washa ya koki, akaonyesha swichi kuu ya pampu iliyo karibu na mlango, ambayo kitabu cha gari kinasema izimwe wakati wa kulala.

Alipokuwa anafuta mikono akauliza, "Mjomba, hii inatoa lita ngapi?"

"Kumi kwa dakika," alijibu mwenye gari, kwa fahari kidogo.

Kijana akawageukia wenzake waliokuwa wakimsubiri na pikipiki. "Mura, shimo letu linatoa machozi mengi kuliko hizo."