Setilaiti na Mama wa Vitumbua

Katika 24, tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa mwaka 2001, Jack Bauer huokoa nchi kwa siku moja, kila kipindi saa moja. Hali, halali, haendi msalani. Simu yake haiishi chaji. Setilaiti inamsomea namba za magari kutoka angani, na bado wabaya wanamponyoka misimu minane mfululizo.

Wangempangia Area D, Dodoma, kazi ingeisha kabla ya chai ya saa nne. Mgeni akishusha begi tu kwenye bajaji, mama wa vitumbua pale kona ameshajua katoka Singida, kafikia kwa nani, na dumu lile ni mafuta ya alizeti. Vifaa vyake: kigoda, na khanga ya kuzibia mdomo wakati wa kupitisha taarifa. Umeme ukikatika, mitambo haizimi. TANU iliweka mabalozi wa nyumba kumi miaka ya 1960. Yeye hakuteuliwa na mtu. Na tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, mafaili yake yamenenepa.

Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, angemheshimu.

Tatizo ni usiri. Mama angempa Bauer chumba lilimo bomu, kisha mlipuaji naye angeambiwa, kwa ukarimu uleule, kuna Mzungu anakuulizia, kavaa shati la kijivu, anapitia uchochoro wa nyuma, na vitumbua viwili hajavilipia.