Karata Yangu ya Kwanza Ilikuwa Kopa

Mama mdogo alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Kabla sijamaliza kusema shikamoo, akapiga kigelegele kilichoniamsha mimi na kuku wa jirani.

"Hatimaye, mwanangu! Ni binti wa wapi? Usiniambie umemtoa Dar."

Nikamwambia hakuna binti. Akasema nisimfiche, ujumbe ameusoma mwenyewe, tena mara tatu, miwani ikiwa usoni. Alipokata simu nikaufungua ule ujumbe niliowatumia watu 140 usiku uliopita, nikausoma kwa macho ya mama mdogo. Ulisema hivi: "Ndugu yangu, wakati niliousubiri kwa muda mrefu umewadia. Naomba mchango wako wa hali na mali ili kufanikisha kadi zangu. Mungu akubariki."

Nilikwepa kuandika "karata" kwa kuwa neno hilo linanuka kamari. Sikukumbuka kwamba hapa Mlimba mwanamume wa miaka 34 asiye na mke akiweka "kadi" na "mchango" kwenye ujumbe mmoja, shauri limekwisha. Watu hawaulizi tena kama kuna harusi, wanauliza pilau ni ya kuku au ya ng'ombe.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mchoraji. Nina kibanda cha stesheneri si mbali na stesheni ya TAZARA, natengeneza kadi za harusi, ratiba za mazishi na mabango ya "Usikojoe hapa". Jioni hukaa chini ya mwembe ambako wazee hucheza karata wakingoja treni. Wasiongoja treni nao hucheza, wakisingizia kwamba wanaingoja. Karata zenyewe zilikuwa zimechakaa hadi mfalme mmoja hana kichwa, na ree ya shupaza kila mtu aliijua kwa kona iliyotafunwa na panya. Aliyepewa ree ile alikuwa anaanza kuchekwa kabla hajaigeuza.

Ndipo nikajiuliza, kwa nini tunacheza na wafalme wenye ndevu ambao hata hawajawahi kulima mpunga? Majina yenyewe tuliachiwa na Wareno. Kwao kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga na pau ni marungu. Waliondoka wakaacha ngome kule Mombasa na maneno ya karata midomoni mwetu, na ngome ndiyo iliyochakaa zaidi. Karata zenye picha za watu ndiyo usiseme: kamusi za zamani zinaziita "mzungu".

Basi nikaamua nichore karata za Bonde la Kilombero. Mfalme awe sheshe, yule swala wa mbuga zetu za majimaji. Malkia awe mama aliyejitwika gunia la mpunga. Jeki awe mvuvi amesimama kwenye mtumbwi. Na ile karata ya ziada, ambayo watoto wa mtaani kwetu huiita joka, nikampa chura wa Kihansi.

Chura huyu anastahili. Hafiki urefu wa sentimita 3, ana rangi ya dhahabu, na hatagi mayai, anazaa watoto wakiwa wametimia. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya Kihansi, huko huko kwenye milima ya Udzungwa tunayoiona tukiinua macho. Maji yalipochepushwa kwenda kuzalisha umeme, ule ukungu aliokuwa anaishi ndani yake ukapungua, na mwaka 2000 wenzake karibu 500 wakapakiwa kwenye ndege kwenda kutunzwa Bronx, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini ametoweka. Mwaka 2012 wazao wa wale wasafiri wakaanza kurudishwa Kihansi. Chura wa kwetu amekwenda Marekani akarudi, na mimi nauli ya Ifakara naipigia hesabu siku mbili.

Mzee mmoja pale mwembeni alipoona mchoro akatikisa kichwa. "Mwanangu, huyu chura umemwita joka? Joka ndilo linalomla chura." Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Fedha za kuchapa sikuwa nazo. Usiku mmoja, bando likielekea ukingoni, nikasoma habari za Kickstarter, mtandao ulioanza Marekani mwaka 2009 ambako mtu huonyesha wazo lake na watu wasiomjua wakamchangia ili alitengeneze. Nikasoma kwamba mwaka 2015 mchezo wa karata uitwao Exploding Kittens, yaani wa vipaka wanaolipuka, ulichangiwa na watu 219,382, wakatoa zaidi ya dola milioni 8.7. Nikakaa wima kitandani. Kama vipaka wanaolipuka wanachangiwa, chura aliyepanda ndege atashindwaje?

Nikaanza kujisajili. Wakauliza nchi. Orodha yao ilifuata alfabeti ya Kiingereza, nami nikaishuka taratibu kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya darasa la saba. Walipofika Uswisi wakaruka hadi Uingereza. Tanzania haikuwepo. Nikaanza tena kutoka juu, labda imekosewa mahali. Haikuwepo.

Nikajifariji kwamba kuchangishana sisi ndio wenyewe. Tumesomeshana kwa mchango, tumezikana kwa mchango, tumeoana kwa mchango. Nikachukua sheria ya Wamarekani, nikaigeuza kidogo, nikaipandisha kwenye kundi la WhatsApp: siku 30, lengo shilingi 1,500,000, na lengo lisipofikiwa kila mtu arudishiwe chake. Atakayetoa 10,000 apate pakiti moja ya karata. Nikaona nimemaliza kazi.

Kosa la kwanza ni ule ujumbe wa kadi. Kosa la pili ni mwezi. Nilizindua Februari. Mtu yeyote wa bonde hili angeniambia kwamba Februari hela za watu ziko shambani, zimesimama kwenye maji hadi magotini pamoja na wenyewe. Kila niliyempigia alikuwa na jibu lile lile: "Niandike elfu ishirini, mpunga ukitoka." Kwa hiyo ndani ya wiki moja nikawa na kitu kizuri sana kwenye daftari na 14,000 kwenye simu.

Nilipofafanua kundini kwamba si harusi, ni karata za kuchezea, kimya kikatanda kama mtu amevunja sahani msibani. Watu tisa wakajitoa. Mzee wa kanisa akaandika kwamba ataniombea. Jirani yangu akauliza kama ni ile karata tatu iliyomlia nauli yote stendi mwaka juzi. Mjomba akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, tatu za kwanza alikuwa anakohoa, ya mwisho akasema: "Mpwa wangu, kwenye karata zote 52, mimi naona wewe unaijua moja tu. Kopa."

Mchango usio na kamati kwetu ni wizi unaosubiri tarehe. Kwa hiyo wazee wa mwembeni wakaunda kamati bila kuniuliza: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Bajeti yao ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza, soda za vikao, 60,000. Wa pili, MC. Wa tatu, karata. Nikauliza MC wa nini. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma. "Sasa chura atazinduliwa na nani?"

MC tulimfuta baada ya mjadala mrefu. Soda hazikufutika.

Siku ya 30 tukafunga hesabu. Ahadi: 1,240,000. Taslimu: 212,000, kutoka kwa watu 61. Baada ya soda: 152,000. Juu yake kulikuwa na debe tatu za mpunga na jogoo mmoja, aliyefungwa mguuni kwenye meza ya stesheneri na akaharibu kadi za harusi ya watu kwa njia ambayo sitaieleza.

Lengo halikufikiwa, nami ni mtu wa kanuni. Nikasema soda nitazifidia mfukoni mwangu, nikaanza kurudisha. Wa kwanza alikuwa mama anayeuza maandazi, aliyetoa 2,000. Nilipomnyooshea noti yake akarudi hatua moja nyuma.

"Baba, nimekukosea nini?"

Nikamweleza sheria ya lengo. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, kama anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza: "Kwa hiyo unanirudishia ili mimi nikifiwa usije?"

Nilirudi kibandani na noti yangu mkononi. Kumbe yule mama hakununua karata. Hajui shupaza na pau vinatofautianaje, wala hana mpango wa kujua. Alikuwa ameweka jina lake kwenye daftari langu ili nami niweke langu kwenye lake. Watu wale 219,382 walilipia kitu wakaletewa kitu, wakaachana. Mimi niliomba kwa watu ambao hawaachani na mtu.

Nikarudi kwa kamati. Tukaandikia kiwanda kimoja cha China. Wakajibu kwa upole kwamba wanaanzia pakiti 1,000. Mzee wa mwembeni hakutishika. "Hata reli hii," akasema, akionyesha stesheni kwa bakora, "Nyerere na Kaunda waliomba kwa wakubwa wa magharibi wakakataliwa. Mchina akakopesha bila riba, miaka 30 ya kulipa. 1970 wakaanza, 1975 reli imefika Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Waombe tena." Nikamwambia wale walikuwa marais wawili wanaomba reli, mimi ni mmoja naomba chura.

Tukaishia kwenye duka moja la uchapaji, mji nisioutaja. Kwa 152,000, baada ya nauli yangu, chakula na usiku mmoja wa gesti, zilitoka pakiti nne. Mwenyekiti akachukua moja, katibu moja, mweka hazina moja. Ya nne ikawa ya wachangiaji wote 61.

Tulizifungua chini ya mwembe. Mgongoni niliandika KARATA ZA MLIMBA. Zilikuja zimeandikwa KARATA ZA MLIMA. Nilipompigia fundi akasema bila wasiwasi, "Niliona umekosea herufi, kaka, nikakurekebishia. Sikukuchaji."

Hilo lingevumilika. Karata za viwandani hutengenezwa kwa karatasi mbili zilizobanwa pamoja na gundi nyeusi katikati ili mwanga usipenye. Zangu zilichapwa kwenye karatasi ya kadi za harusi, yenye vimetameta na harufu ya waridi. Mtu akikaa ameelekea mashariki, jua likiwa mgongoni, saa kumi na moja jioni, anayemkabili anamsoma mkono mzima kama gazeti. Siku ya kwanza wazee waligombania upande wa kukaa hadi bao la kwanza likachezwa gizani.

Kosa la mwisho lilikuwa langu mwenyewe, na ndilo wanalolikumbuka zaidi. Mgongo wa karata unatakiwa ufanane ukiugeuza juu chini. Mimi nilichora treni, nzuri, ina mabehewa matatu na moshi, inakwenda upande mmoja. Ndani ya siku mbili wajanja wakapanga: karata ndogo treni inakwenda Dar, karata kubwa inakwenda Zambia. Mwenyekiti alipofungwa mara sita mfululizo akalalamika kwamba jioni ile hajaona hata behewa moja la kwenda Kapiri Mposhi.

Mei mpunga ukatoka. Nikakaa kibandani nikingoja zile ahadi za 1,240,000. Watu walikuja kweli, mmoja baada ya mwingine, wakiwa na furaha na bahasha. Ndani ya bahasha kulikuwa na kadi. Harusi nne, vipaimara viwili, na send-off ya binti wa mweka hazina. Kadi saba, zote nimezichapa mwenyewe hapa hapa, kwa bei ya ndugu.

Nimezilipa. Mpaka naandika haya nimetoa 230,000, dhidi ya 212,000 nilizopokea, na harusi mbili zimebakiza kiasi. Ukiniuliza faida ya kuchangisha karata Mlimba, ni hasara ya shilingi 18,000, na watu 61 ambao siku nikifa hawatauliza njia ya kufika kwangu. Mama mdogo bado anauliza binti ni wa wapi.

Pakiti ya nne iko mwembeni inachezwa kila jioni. Saba ya pau ililiwa na mbuzi, mahali pake wameweka kadi ya ile send-off, iliyokatwa kwa mkasi ikalingana na wenzake. Ukipita Mlimba karibu ucheze, wewe tu usikae umeelekea mashariki. Na kama una kitu cha kuchangiwa, njoo Juni.