Ukijaribu Umenunua

Kiganja cha kushoto bado kinaniwasha, na pale Mtaa wa Aggrey kuna vijana watakaonikumbuka maisha yao yote kwa ukelele mmoja: "Mama yangu weee!" Sikuwa nimeibiwa, wala sikugongwa na guta. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndala nimezivua, gitaa la umeme limelala mapajani, na mbele yangu umati uliokuwa ukisubiri wimbo. Nikagusa nyuzi. Wimbo ukatoka kwangu, gitaa likabaki kimya. Mshona viatu wa ng'ambo ya pili aliacha sindano nusu njia. Mama aliyekuwa akipatana bei ya madera akauliza, "Huyo baba anapandisha mashetani au anauza dawa?"

Lawama za tukio lile nitazigawa hapa, na kila anayehusika atapata fungu lake.

Chombo chenyewe ni gitaa la kulaza mapajani. Lina nyuzi sita, halina tundu wala kiuno, na nyuzi zake zimeinuliwa juu kiasi kwamba hata ukizibana kwa vidole hazifiki shingoni. Mkono wa kulia unadonoa, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma kizito juu ya nyuzi. Ndiyo sauti ile ya kulia na kuteleza unayoisikia kwenye nyimbo za kantri za Marekani. Sifa ya kulivumbua hupewa Joseph Kekuku, kijana wa Hawai, mnamo 1889. Mtindo wa kwao ulisambaa dunia nzima, hata kule Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1950 Zacharie Elenga, maarufu kwa jina la Jhimmy, akahusishwa na Hawai kwa jinsi alivyolipiga gitaa lake.

Tena gitaa la kwanza la umeme kutengenezwa kwa ajili ya soko lilikuwa hili hili la mapajani. Lilianza kuuzwa na Rickenbacker kule Marekani mwaka 1932, mwili wake wa alumini, duara lenye mkia mrefu, watu wakalibatiza Kikaango. Alumini ile ilitanuka kwa joto la taa za jukwaani na nyuzi zikapoteza sauti katikati ya wimbo. Wangelileta Dar es Salaam mwezi wa pili, lingepoteza sauti likiwa bado kwenye boksi.

Hayo nilimweleza muuza duka kwa heshima zote. Akanitazama, akasema, "Mzee wangu, ni laki saba na nusu."

Bei ya kati ndiyo bei hatari kuliko zote. Kitu cha bei ya chini kinakiri chenyewe kwamba ni kibovu, na cha bei ya juu hukigusi. Cha bei ya kati kimepakwa rangi ya cha juu na kufungwa matumbo ya cha chini, na huwezi kujua mpaka ukisikie. Nikaomba tulichomeke. Ndipo nikapewa katiba ya Kariakoo yenye kifungu kimoja: "Ukijaribu umenunua."

Tulibishana mpaka akaingilia winga, yule kijana aliyenitoa kituo cha Gerezani kwa ahadi kwamba analijua chimbo la magitaa. Ikaazimwa amplifaya kwa fundi redio wa jirani, ikavutwa ekstensheni hadi barazani, kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukaa. Baraza lile tuligawana na muuza juisi ya miwa, na barafu yake ilikuwa imeyeyuka hadi chini ya ndoo yangu. Mshikeni hapo huyo muuza juisi, nitamrudia.

Ndani ya gitaa la umeme hakuna umeme. Watu hawaamini, lakini ndivyo. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Sumaku inauambukiza uzi wa chuma usumaku kidogo. Uzi ukitikisika, nguvu ya sumaku inayopita kwenye koili inatikisika pamoja nao, na koili inazaa umeme mchanga unaofuata mwendo wa uzi hatua kwa hatua. Umeme huo mchanga ndio unaokwenda kwenye amplifaya kukuzwa. Funga nyuzi za nailoni, na chombo kinakuwa bubu. Mpaka leo nikilifikiria jambo hili nasahau kula.

Lakini koili haina adabu ya kuchagua. Kila sumaku inayotikisika jirani inaisikia: taa ya tyubu, chaja za simu za muuza kava, na zaidi ya vyote mota ya mashine ya miwa. Kila muwa ulipoingia, gitaa liliunguruma kabla sijaligusa. Watoto wakapiga makofi. Dawa ipo tangu 1955, pale Seth Lover wa kampuni ya Gibson alipopanga koili mbili zinazopingana ili mvumo ujifute wenyewe. Gitaa langu lilikuwa na koili moja chini ya kifuniko cha koili mbili. Hiyo ndiyo bei ya kati.

Sasa sikilizeni mvumo wenyewe. Umeme wa Tanzania unageuka na kurudi mara 50 kwa sekunde, na noti ya G iliyo chini kabisa kwenye piano inatikisika mara 49. Maana yake nchi nzima, kuanzia friji ya bucha hadi transfoma ya mtaani, inavuma katika G iliyopanda kidogo. Na gitaa la mapajani mara nyingi hufungwa katika G! Uzi wangu mnene ulikuwa mizunguko 98, mtetemo maradufu wa umeme ni 100, kwa hiyo vilipokutana vilipigana mara mbili kila sekunde: wa-wa, wa-wa. Nilisisimka nikamwita muuza duka asikie jinsi Kariakoo ilivyonipigia besi bila malipo. Akasema, "Hapo si linafanya kazi? Toa hela."

Ili kupunguza mvumo huo, watengenezaji huunga nyuzi zote za chuma na waya wa ethi. Ukizigusa, mwili wako, ambao nao ni antena, unaungwa humo na kelele zinashuka. Ethi hiyo inapita kwenye kebo, inaingia kwenye kasha la amplifaya, inatoka kwa pini ya juu ya plagi, ile ndefu, na kuzama ardhini. Ni mpango mzuri mno, ilimradi pini ya juu iwepo.

Haikuwepo. Plagi ya fundi redio ilikuwa ya pini mbili. Nyumba zetu zina soketi za matundu matatu, na tundu la juu ndilo linalofungua vizuizi vya yale mawili ya chini. Kwa hiyo fundi alifanya kile ambacho kila Mtanzania amekifanya au amekishuhudia: alichomoa peni mfukoni, akachokonoa tundu la juu, akasukuma plagi. Umeme unaovuja kwenye kasha, badala ya kwenda ardhini, ukabaki unasubiri njia. Njia nikawa mimi: nyuzi, chuma mkononi, jasho, nyayo, maji ya barafu ya muuza juisi, sakafu.

Umati ulicheka, na ni haki yao. Mimi sicheki. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows kutoka Scotland, alikufa jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 baada ya kugusa maikrofoni yenye hitilafu ya ethi. Hakuwa mzembe, alikuwa kazini. Na hapa kwetu vijana wanapiga kila wikendi kwenye harusi chini ya maturubai, mvua ikinyesha, ekstensheni zimelala kwenye tope, peni inapita kutoka tundu hadi tundu. Mwenye ukumbi akiulizwa anasema siku zote tunafanya hivi. Ndiyo, na siku zote tunasema marehemu alipigwa shoti, kana kwamba shoti ni ugonjwa uliokuja na upepo.

Na hiyo "ukijaribu umenunua" nayo si mzaha. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi ambaye hajaikagua bidhaa hahesabiwi ameipokea mpaka apate nafasi ya kutosha kuikagua. Lakini mwanamuziki wa nchi hii hakuzoezwa kukagua. Katika bendi za mashirika, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Ulipiga ulichopewa, na siku ya kuondoka ulitoka na vidole vyako. Leo kijana anajichanga miaka ili awe na gitaa lake mwenyewe, halafu anaambiwa alinunue kama samaki wa kwenye mfuko mweusi.

Mengine yalikuwa madogo. Chuma kilichoniponyoka kilibingirika chini ya meza ya madera, kikarudishwa kwa shilingi elfu moja ya "usumbufu". Winga alidai chake ingawa sikununua. Kwenye mwendokasi kondakta hayupo, lakini abiria mmoja alinikanyaga badala yake.

Kabla ya kuondoka nililipima gitaa kwa futikamba ya fundi cherehani. Kutoka mwanzo wa shingo hadi daraja ni sentimita 57, kwa hiyo mstari wa 12 kati ya ile iliyochorwa shingoni ulipaswa kukaa 28.5, nusu kamili, pale sauti inapojirudia juu. Walikuwa wameuchora 27.9. Milimita sita zinashusha noti kwa zaidi ya theluthi ya nusu toni, yaani ukilifuata kwa macho utapiga nje ya sauti usiku kucha. Wapiga udi na fidla wa taarabu hawana mistari yoyote na wanapatia, basi anayeamini masikio yake atalimudu.

Hukumu yangu ni hii. Funguo ni imara na hazilegei, mbao ni nzito na uzi unalia muda mrefu. Koili ni ya kubadilisha, mistari ni pambo. Kwa laki saba na nusu lisimame hapo hapo dukani. Kwa laki nne lichukue, ila nenda na amplifaya ndogo ya betri, na jaribu kabla hujatoa hata senti.